Kunyanyua vyuma: ufundi kwanza, uzito baadaye

Asubuhi moja tulipokuwa tukianza kazi katika chumba cha wagonjwa wa nje, waliingia vijana wawili wakimshikilia mwenzao katikati. Alikuwa kibarua wa ujenzi, umri wake miaka 19. Alitembea amepinda upande mmoja, hawezi kusimama wima wala kukaa kwenye benchi. Nyuma yake alikuja mama yake akiwa na mfuko wa vidonge vya rangi tatu, vyote vya kununua dukani bila cheti cha daktari.

Tulimwuliza ameumiaje. Yeye aliona haya, wenzake ndio walioeleza. Mtaani kwao vijana wamejitengenezea jimu nyuma ya nyumba. Wana bomba la chuma, makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na benchi la mbao. Ilikuwa siku yake ya tatu tu. Siku ya kwanza alinyanyua makopo madogo, siku ya pili makubwa zaidi. Siku ya tatu walichomeka ndoo mbili za lita 20, wenzake wakamzunguka wakipiga makofi: "Ongeza! Ongeza!" Aliinama, akavuta kwa nguvu, akasikia kiuno kimeshtuka kama kamba iliyokatika. Tangu siku hiyo maumivu yaliteremka hadi kwenye unyayo wa mguu wa kushoto. Alikaa nyumbani siku nane akimeza vidonge na kukandwa. Siku nane hizo hakuna aliyeingiza fedha nyumbani, kwa maana mama na wadogo zake wawili wanamtegemea yeye.

Tulipiga hesabu pamoja nao. Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2.4. Ndoo moja ya lita 20 ni kama kilo 48, na mbili ni kilo 96, bado bomba lenyewe. Tulipompima yeye alikuwa na kilo 58. Vijana wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya hesabu hiyo.

Mama yake akatuuliza: "Nesi, nikirudi nyumbani vile vyuma navitupa chooni. Si ndivyo?" Tulimjibu kuwa sivyo. Makala haya ni maelezo ya jibu hilo, kwa sababu tunajua wazazi wengi wana swali hilo hilo.

Vyuma vyenyewe havina ubaya

Kunyanyua uzito ni zoezi jema. Misuli hupata nguvu, mifupa hukomaa, na mwili hutumia sukari vizuri zaidi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na kutembea au kazi nyingine za kuupa moyo mazoezi. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 walipendekezewa angalau siku tatu kwa wiki za mazoezi yanayoimarisha misuli na mifupa.

Wapo wanaoamini kuwa kijana akinyanyua vyuma hudumaa. Hiyo si kweli, mradi asimamiwe na uzito ulingane na uwezo wake. Wapo pia wanaosema kuwa vyuma si vya wanawake. Hilo nalo si kweli. Wanawake wamekuwa wakishindana katika kunyanyua vyuma kwenye michezo ya Olimpiki tangu mwaka 2000, kule Sydney. Na mwanamke aliyekaribia uzee anahitaji nguvu ya misuli kuliko kijana, maana mifupa yake hupungua uimara na anguko dogo laweza kumvunja nyonga.

Kwa hiyo tusilaumu chuma. Kinachowaleta vijana hospitalini ni kubeba uzito mkubwa kabla ya kujifunza namna ya kuubeba.

Mgongo unavyobeba mzigo

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kitakia chenye ute mzito katikati, ambacho hupunguza mshindo. Nyuma ya vitakia hivyo hupita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Misuli ya mgongo ndiyo inayoshikilia pingili zote zisiyumbe.

Mtoto aliyecheza bembea ya ubao anajua jambo moja: aliye mbali na katikati humshinda aliye karibu, hata kama uzito wao ni sawa. Ndivyo ilivyo kiunoni. Misuli ya mgongo inavuta ikiwa karibu sentimita 5 tu nyuma ya katikati ya pingili. Ukishika ndoo ya maji ya kilo 20 ikiwa sentimita 50 mbele ya mgongo wako, misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayotosha kuinua kilo 200. Ukiisogeza ndoo hiyo hiyo hadi sentimita 25, nguvu hiyo hupungua na kuwa nusu. Ndoo haikupungua hata tone, umeisogeza karibu na mwili tu.

Sasa fikiria chuma cha kilo 96 kinachovutwa kikiwa mbali na miguu, mgongo umepinda kama upinde. Misuli ikishindwa, mzigo huhamia kwenye kitakia na kano. Kitakia kikichomoza nyuma na kugusa mshipa wa fahamu, maumivu hushuka mguuni. Ndivyo alivyoumia kijana wetu.

Yeye alishangaa. Alisema: "Lakini mama, mimi nabeba mifuko ya saruji kila siku." Ni kweli, mfuko una kilo 50. Lakini mfuko wenzake humtwika begani, ukiwa juu ya mwili wake na yeye amesimama wima. Kuvuta uzito kutoka ardhini ni ufundi mwingine kabisa, na alikuwa hajaujua.

Makosa tunayoyaona mara kwa mara

Kutokana na maelezo ya wagonjwa wetu, makosa ni yale yale:

1. Kuanza na uzito wa wenzake. Mgeni anapewa chuma kile kile kilichokuwa kikinyanyuliwa na mwenzake mwenye miaka miwili ya mazoezi.

2. Kuinama kwa kiuno badala ya kukunja magoti na nyonga, na chuma kuwa mbali na miguu.

3. Kukirusha chuma kwa kujitikisa. Anayejitikisa ili kuinua ameshazidiwa na uzito.

4. Kulala kwenye benchi na kusukuma chuma juu ya kifua bila mtu wa kumsimamia. Mikono ikichoka, chuma humwangukia kifuani au shingoni. Hili laweza kuua.

5. Kubana pumzi muda mrefu mpaka uso unavimba na kichwa kinazunguka. Kubana pumzi namna hiyo hupandisha presha ya damu ghafla.

6. Kufanya zoezi moja kila siku bila kupumzika. Misuli hujengeka wakati wa mapumziko, si wakati wa kunyanyua.

Namna ya kuanza

Watu wengi hawajui kwamba katika wiki za kwanza nguvu inayoongezeka haitokani sana na misuli kukua. Ni ubongo na mishipa ya fahamu vinavyojifunza kuiamrisha misuli ifanye kazi pamoja. Na misuli ikisha anza kukua, kano zinazoiunganisha na mifupa hukomaa taratibu zaidi kuliko yenyewe. Ndiyo maana kijana hujisikia ana nguvu katika mwezi wa pili, akaongeza uzito sana, kisha bega au goti likamsumbua. Misuli imetangulia, kano zimebaki nyuma.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

Anza na fimbo. Tumia mti wa ufagio kwa wiki ya kwanza au mbili. Asiyeweza kuinama vizuri akiwa na fimbo hataweza akiwa na chuma. Usione haya, hata wanaofundishwa kwa ajili ya mashindano huanzia hapo.

Jifunze kuchuchumaa. Weka kigoda nyuma yako. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega. Sukuma makalio nyuma kana kwamba unakaa, visigino visiinuke, magoti yaelekee upande wa vidole, kifua kitazame mbele. Gusa kigoda, usikae, kisha simama.

Jifunze kuokota. Sogea mpaka chuma kiwe karibu kabisa na miguu. Kunja nyonga na magoti, mgongo unyooke. Kaza tumbo kana kwamba mtu anataka kukupiga ngumi. Sukuma ardhi kwa miguu, chuma kipande kikipita karibu na mapaja. Kukirudisha chini, fuata njia ile ile. Ukitaka kugeuka, geuka kwa miguu, usisokote kiuno.

Pumua. Vuta pumzi unaposhuka, toa pumzi unapoinua.

Ongeza kidogo kidogo. Chagua uzito unaoweza kuunyanyua mara 10 hadi 12 bila mwendo wako kuharibika. Pumzika dakika mbili, rudia mara mbili. Ukiweza hivyo siku mbili za mazoezi mfululizo, ongeza kilo moja au mbili, si kumi. Haba na haba hujaza kibaba. Siku mbili au tatu kwa wiki zinamtosha anayeanza, na pawe na siku moja ya kupumzika katikati.

Acha mwendo unapoharibika. Mgongo ukianza kupinda au magoti kugongana, weka chini. Unyanyuaji mbaya mmoja wa mwisho ndio unaoumiza, na haukuongezei nguvu yoyote.

Mwalimu wa kweli ni yupi?

Katika jimu nyingi mwalimu ni yule mwenye kifua kikubwa. Lakini kuwa na misuli si sawa na kujua kufundisha. Mzazi anaweza kwenda mwenyewe akatazame. Mwalimu mzuri huuliza kwanza: umewahi kuumia? Una presha, pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo? Humtazama mgeni akiinama bila kitu kabla ya kumpa chuma. Hueleza, huonyesha, kisha husimama ubavuni na kusahihisha. Hukaa karibu na mtu anayelala kwenye benchi. Na zaidi ya yote, huthubutu kumpunguzia mtu uzito mbele ya wenzake. Anayejua kusema "Ongeza" peke yake si mwalimu, huyo ni mshangiliaji.

Jihadharini pia na mwalimu anayeuza vidonge au sindano za kutunisha misuli. Dawa hizo za homoni huharibu moyo na ini, hupunguza mbegu za kiume, na huweza kumfanya kijana akose uzazi. Maharage, dagaa, mayai, maziwa na usingizi wa kutosha vitamfaa zaidi.

Vyuma vya kujitengenezea

Hatuwalaumu vijana wanaojaza makopo zege. Si kila mtu ana fedha ya kulipa ukumbi wenye vyuma vya kiwandani. Lakini fanyeni mambo manne. Pimeni kila kopo kwenye mizani ya dukani na mwandike uzito wake kwa rangi. Kopo la lita 4 likijaa zege hufikia karibu kilo 10, kwa hiyo hata makopo mawili madogo si mchezo kwa anayeanza. Hakikisheni makopo ya pande zote mbili yana uzito sawa, maana tofauti ya kilo tatu humpindisha mtu kiuno. Fungeni makopo yasichomoke. Na mpime bomba lenyewe. Chuma kirefu cha mashindano kina kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake kabla ya kuongezewa kitu chochote, lakini vijana wengi hawakihesabu.

Wanaopaswa kuonana na mganga kwanza

Ni wenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo, kisukari, selimundu, ngiri, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, na akina mama wajawazito au waliojifungua hivi karibuni. Hatusemi wasifanye mazoezi. Wengi wao yanawafaa, ila wapewe mpango unaolingana na hali yao.

Ukiumia

Tulipokuwa chuoni miaka ya 1990 tulifundishwa kumlaza mgonjwa wa mgongo kitandani, pengine juu ya ubao, kwa siku nyingi. Siku hizi tunajua kuwa kulala hivyo humchelewesha kupona. Siku moja au mbili za kupumzika zinatosha. Baada ya hapo atembee kidogo kidogo ndani ya uwezo wake, aepuke kubeba mizigo, na aweke kitambaa cha maji ya vuguvugu kiunoni. Wagonjwa wengi hupata nafuu katika wiki chache, hata wale ambao maumivu yanashuka mguuni, bila upasuaji.

Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu, lakini vikimezwa ovyo, hasa bila chakula au viwili vya aina moja kwa pamoja, huchubua tumbo mpaka likatoa damu, na huumiza figo. Kijana wetu alikuwa akimeza vyote viwili pamoja. Wala msikubali mtu akanyage mgongo wa mgonjwa au kuuvunja kwa nguvu.

Njooni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, mkiona dalili hizi:

a) Ganzi sehemu za siri au makalioni, kushindwa kukojoa, au mkojo na choo kutoka bila kujizuia.

b) Mguu kuishiwa nguvu, unyayo kuburuzika, au miguu yote miwili kuwa dhaifu.

c) Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kahawia siku moja hadi tatu baada ya mazoezi mazito, pamoja na misuli kuvimba na kuuma sana. Maana yake ni kwamba misuli imevunjika na uchafu wake unaziba figo. Mwambieni mganga habari za mazoezi, la sivyo anaweza kufikiri ni malaria peke yake.

d) Uvimbe kwenye kinena usiorudi ndani, unaouma, pamoja na kutapika.

e) Maumivu ya kifua, au kuzimia wakati wa kunyanyua.

Tena, mgongo unaouma wiki nyingi pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda haukuumizwa na vyuma. Huenda ni kifua kikuu cha mifupa, ambacho kina dawa. Msichelewe.

Neno kwa wazazi

Ufundi huu si wa jimu tu. Sisi wauguzi wengi tuna migongo inayouma kwa sababu miaka mingi tuliinua wagonjwa kutoka vitandani huku tumeinama na mikono imenyooka mbele. Baadaye tulijifunza kusogea karibu, kukunja magoti na kuitana wawili. Yule msichana anayeinua ndoo kisimani, yule baba anayeinua gunia la mahindi, yule mama anayembeba mgonjwa nyumbani, wote wanahitaji somo hilo hilo. Kijana akijifunza vizuri kwenye vyuma, amejifunza kazi zote za maisha yake.

Kwa hiyo msivitupe vyuma chooni. Kijana aliyekatazwa atakwenda kunyanyua kwingine, kwa siri, na akiumia ataficha, kama huyu alivyoficha siku nane. Afadhali anyanyue uani kwako, ukimwona.

Kijana wetu alianza kutembea siku ya tatu. Wiki ya sita alirudi kazini, kwanza kwa kazi ya kupitisha maji na misumari. Mifuko ya saruji aliibeba tena baada ya miezi mitatu. Siku aliyokuja kuagana nasi aliuliza: "Mama, naruhusiwa kurudi kwenye vyuma?" Tulimpa mti wa deki, tukamwambia aokote mara kumi, mama yake akiwepo. Mara tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Mara ya nne alisahau, akapinda. Kabla hatujafungua mdomo, mama yake alisema: "Mgongo, mwanangu!"

Alijinyoosha, akaanza upya kuhesabu kutoka moja.